Kutoka Chokaa ya Kupigilia hadi Utando wa Lami: Historia ya Matunzo ya Mapaa ya Majengo ya Umma Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tabaka linalozuia maji juu ya mapaa ya majengo ya umma katika Afrika Mashariki. Yanaanzia kwenye sakafu ya chokaa ya miji ya pwani, yanapitia saruji, mabati na nyasi, na kuishia kwenye utando wa lami na wa plastiki unaotumika leo. Hoja kuu ni kwamba kila zana mpya ya kuezekea ilipokewa kama ukombozi kutoka katika kazi ya matunzo, ilhali kila moja ilidai matunzo yake mahususi. Ushahidi unatokana na majengo yenyewe pamoja na msamiati wa Kiswahili wa ujenzi, ambao umehifadhi kumbukumbu za kazi zilizokwisha kusahauliwa. Makala yanahitimisha kwamba uimara wa paa umetegemea zaidi kuwapo kwa mwenye dhamana ya kulitunza kuliko ubora wa zana iliyoezekwa.

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jengo hilo lilikamilishwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash bin Said. Baadaye likawa makao ya utawala wa kikoloni, na hatimaye makumbusho. Sehemu nyingine ya jengo hilohilo ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012.

Kuporomoka kwa jengo la ukubwa huo huwa na sababu nyingi, na makala haya hayakusudii kuzitolea hukumu. Hata hivyo, tukio hilo linaibua swali linalowahusu wote wenye dhamana ya shule, hospitali, mahakama, misikiti, makanisa na makumbusho katika ukanda huu: jengo lililosimama zaidi ya karne moja hufikaje mahali pa kuwa hatari kwa watu waliomo? Jibu lolote la swali hilo halina budi kugusa maji ya mvua, na njia ya kwanza ya maji ya mvua ni paa.

Katika paa, kitu kinachozuia maji si unene wote wa zege au wa boriti, bali ni tabaka la juu, ambalo aghalabu ni jembamba. Mafundi wa leo huliita utando. Neno hilo ni la kale katika Kiswahili: ni utando wa buibui, utando unaogandama juu ya uji uliopoa, utando unaofunika jicho la mgonjwa. Matumizi yote hayo yanaashiria kitu chembamba kinachotanda juu ya kingine na ambacho hupasuka kwa urahisi. Kwa hiyo jina lenyewe linabeba onyo ambalo historia ya mapaa inalithibitisha.

2.0 Sakafu: Ngozi ya Chokaa

Kwa msemaji wa Kiswahili wa leo, sakafu ni mahali pa kukanyaga. Asili ya neno hilo, hata hivyo, ni neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado ililibebesha neno sakafu maana zote mbili: tabaka gumu la chokaa na mawe madogo lililotandazwa chini ya nyumba, na tabaka lilelile lililotandazwa juu yake. Hapakuwa na mgongano katika maana hizo. Katika nyumba ya mawe ya pwani, sakafu ya ghorofa ya juu na paa la ghorofa ya chini vilikuwa kitu kimoja, na paa la juu kabisa lilijengwa kwa namna ileile.

Ujenzi wake ulikuwa wa hatua. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa kuwa boriti imara haikuweza kuvuka nafasi kubwa, vyumba vingi vya Lamu, Mombasa na Zanzibar vilikuwa virefu na vyembamba, kwa upana wa takriban mita 3 au pungufu. Juu ya boriti yalilazwa mapande ya matumbawe, na juu ya mapande ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto za matumbawe. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya biwi la magogo.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyolifanya tabaka hilo kuwa kizuizi cha maji, nayo ina kitenzi chake: kupigilia. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, alikiingiza kitenzi hicho kwa maana ya kupigapiga paa la mawe. Kifaa kilichotumika kiliitwa kipande, yaani rungu fupi la mbao. Watu wengi walikusanyika juu ya paa na kupiga chokaa mbichi kwa siku kadhaa, wakienda na mwendo wa nyimbo. Nyimbo zilikuwa sehemu ya kazi: mapigo yalipaswa kuwa mepesi, ya mfululizo na yaliyoenea sawa, ili maji yaliyozidi yatoke, vinyweleo vizibwe na nyufa za kukauka zisipate nafasi ya kufunguka.

Paa la namna hiyo halikuwa bapa kabisa. Lilipewa mteremko mdogo kuelekea kwenye milizamu, yaani mifereji mifupi iliyochomoza nje ya ukuta ili maji yaanguke mbali na msingi. Kila mwaka, kabla ya masika, paa lilifagiliwa, nyufa zikazibwa kwa chokaa laini, na uso wote ukapakwa chokaa upya. Chokaa ina sifa ambayo saruji haina kwa kiwango hichohicho: huyeyuka kidogo katika maji ya mvua na kuganda tena ndani ya nyufa ndogo, hivyo kujiziba. Sifa hiyo, hata hivyo, hufanya kazi pale tu ambapo chokaa mpya huongezwa mara kwa mara. Paa lililoachwa miaka kadhaa bila kupakwa lilianza kunyonya maji, na maji yakafika kwenye vichwa vya boriti vilivyofichwa ndani ya ukuta, mahali ambapo uozo na mchwa havionekani mpaka boriti inapokatika.

Kwa majengo ya umma, hasa misikiti, kazi hiyo ya kila mwaka ilikuwa na mwenyewe. Mapato ya wakfu, yaani kodi za maduka na nyumba au mazao ya mashamba, yalitengwa kwa ajili ya mafuta ya taa, mikeka, maji ya kutawadhia na chokaa ya paa. Msimamizi wa wakfu aliwajibika mbele ya waumini waliosali chini ya paa hilohilo. Likivuja, walijua siku ileile.

Pale ambapo utaratibu wa namna hiyo ulikatika au gharama zilizidi uwezo, hata majengo makubwa hayakunusurika. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa kwa fahari mwanzoni mwa karne ya 14, ukapewa kuba na matao ya mawe. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliona mji ambao nyumba zake nyingi zilikuwa za miti zilizoezekwa kwa majani. Kwa hiyo paa la mawe lilikuwa tamko la utajiri wa pamoja. Upanuzi huo ulianguka na kujengwa upya katika karne ya 15. Kadhalika Gedi, mji uliofukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, una kuta nyingi zilizosimama, lakini mapaa yake ya chokaa yalikuwa yameanguka ndani ya vyumba. Katika magofu ya pwani kwa jumla, paa ndilo lililotangulia, kuta zikafuata.

3.0 Askofu, Saruji na Mabati

Robo ya mwisho ya karne ya 19 ilileta zana mbili zilizobadilisha historia hii: saruji ya Portland na mabati ya mawimbi. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824. Bati la mawimbi lilisajiliwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829, na njia ya kulipaka zinki ili lisishike kutu ikasajiliwa Ufaransa mwaka 1837.

Inafaa kutambua kwamba neno saruji halikuja na mifuko ya Portland. Ni neno lenye asili ya Kiajemi lililozoeleka pia Oman, ambako huitaja chokaa maalumu iliyochanganywa na udongo uliochomwa, inayostahimili maji na iliyotumika katika mifereji ya falaj, matangi na ngome. Waswahili walipokutana na unga mpya kutoka Ulaya, waliupa jina la zana waliyoijua. Jina lilibaki lilelile, lakini tabia ya zana ilikuwa tofauti kabisa.

Steere, aliyekiandika kitenzi kupigilia katika kitabu chake, ndiye pia aliyesimamia ujenzi wa Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873. Paa lake halikuwa la boriti wala la kupigilia, bali tao refu la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland, lililovuka ukumbi mpana bila nguzo katikati. Katika mtu mmoja, Unguja ilipata mwandishi wa msamiati wa paa la kale na mjenzi wa paa la kisasa. Tao hilo limesimama hadi leo, lakini kwa sababu limekuwa na watu wa kulishughulikia. Hata hivyo lilihitaji kanisa zima kufanyiwa ukarabati mkubwa katika muongo wa 2010.

Mabati yalienea kwa sababu nyingine. Unguja hupata mvua ya takriban milimita 1,600 kwa mwaka, kiasi kikubwa kwa paa lililokaribia kuwa bapa. Wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe walijenga paa la mteremko la mabati juu ya paa la chokaa. Lilikuwa suluhisho la busara: maji yaliondoka haraka, na kupaka chokaa kila mwaka kukakoma. Lakini mzigo haukutoweka, ulihama tu. Maji yaliyokuwa yakisambaa juu ya paa zima sasa yalikusanyika kwenye mfereji mmoja wa pembeni. Mfereji huo ukiziba kwa majani au ukitoboka kwa kutu, maji ya paa zima humwagika mahali pamoja juu ya ukuta wa matumbawe, na ukuta huo huyanywa. Mwenye nyumba aliyedhani amestaafu kazi ya chokaa alikuwa ameajiriwa katika kazi ya mfereji bila kuarifiwa.

Sehemu nyingine ziliongezewa tabaka la saruji juu ya chokaa ya kale. Hapa madhara yalikuwa mawili. Saruji ni ngumu na haicheki pamoja na boriti zinazopinda kidogo, hivyo hupasuka na kuingiza maji, kisha huyazuia yasikauke. Pili, kila tabaka jipya ni uzito mpya. Fundi aliyeongeza tabaka la saruji kila paa lilipovuja alikuwa akiutibu ugonjwa kwa kumtwika mgonjwa mzigo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kukaliwa na familia nyingi kwa kodi ndogo. Makazi hayo yaliwapa hifadhi watu waliokuwa wakiihitaji, lakini kodi isingeweza kugharimia matunzo ya paa la mawe. Aliyeishi chini ya paa hakuwa mmiliki, na mmiliki hakuishi chini ya paa.

4.0 Bara: Nyasi, Vigae na Ukoo wa Waezekaji

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, iliurahisisha usafirishaji wa zana nzito za ujenzi hadi ukanda wa Ziwa Viktoria, yakiwamo mabati. Huko nako mapaa ya majengo ya umma yalikuwa na historia yao, na mifano miwili ya Kampala inatosha.

Kanisa Kuu la Namirembe lilijengwa mara kadhaa. Jengo la matofali lililomalizika mwaka 1904 liliezekwa kwa nyasi, nalo liliteketea kwa moto wa radi mwaka 1910. Jengo lililopo sasa, lililowekwa wakfu mwaka 1919, lilipewa paa la vigae vya udongo. Kigae hakishiki moto, na kina faida nyingine isiyotajwa sana: kimoja kikivunjika hubadilishwa peke yake.

Mfano wa pili ni Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda, ambapo jumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilijengwa kama ikulu mwaka 1882. Nyasi huoza, hivyo paa la nyasi haliwezi kujidai kuwa la kudumu. Hudumu tu kwa kuezekwa tena na tena. Buganda ililijibu tatizo hilo kwa kuifanya kazi ya kuezeka Kasubi kuwa wajibu wa ukoo wa Ngeye. Ujuzi ulirithishwa, na heshima ya ukoo ilikuwa rehani ya paa. Moto ulipoliteketeza jumba hilo tarehe 16 Machi 2010, nyasi ziliteketea lakini ujuzi haukuteketea. Jumba lilijengwa upya, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Ukilinganisha wakfu wa pwani na ukoo wa Ngeye, tofauti za dini, zana na hali ya hewa ni kubwa, lakini muundo ni mmoja. Katika kila mahali palikuwa na paa dhaifu, na kwa kuwa udhaifu wake ulijulikana, palikuwa na watu waliotajwa kwa jina kuwa ndio wenye kulishughulikia. Nyasi na chokaa hazikumdanganya mtu.

5.0 Zege Bapa na Lami

Udanganyifu ulikuja na zege bapa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hasa karibu na uhuru, majengo ya umma ya Afrika Mashariki yalichukua sura mpya: Makumbusho ya Uganda yaliyosanifiwa na Ernst May na kufunguliwa Kitante mwaka 1954, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mlimani kuanzia mwaka 1964, na jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi mwaka 1973. Wasanifu wa kizazi hicho walifikiria kwa makini juu ya jua, upepo na kivuli. Kitabu cha Maxwell Fry na Jane Drew cha mwaka 1956 kuhusu usanifu wa nchi za joto na unyevu kilikuwa miongoni mwa miongozo yao. Shule, hospitali na ofisi nyingi za wakati huo zilipewa mapaa bapa ya zege, ishara ya taifa lililojitegemea.

Zege peke yake halizuii maji kwa muda mrefu; hupasuka kwa kutanuka na kusinyaa. Hivyo juu yake zililazwa shuka za lami, zikagandishwa kwa lami ya moto katika tabaka mbili au tatu. Tangu hapo, uhai wa jengo la zege ulitegemea ngozi yenye unene wa milimita chache.

Adui wa ngozi hiyo katika ukanda wa Ikweta ni jua kabla ya mvua. Miale ya jua na joto huikausha lami mafuta yake mepesi, nayo huwa ngumu na kupasuka. Mchana paa huwaka, na mvua ya ghafla ya alasiri hulipoza kwa dakika chache. Kutanuka na kusinyaa huko huvuta viungio. Unyevu uliobaki ndani ya zege hugeuka mvuke na kuinua malengelenge. Ndiyo maana shuka za lami hufunikwa kwa kokoto au kupakwa rangi inayorudisha mwanga, na rangi hiyo hupaswa kurudiwa. Kurudia rangi juu ya lami ni kazi ileile ya kupaka chokaa kabla ya masika, lakini hakuna wakfu wala ukoo uliokabidhiwa.

Aliyekabidhiwa ilikuwa bajeti, na bajeti za serikali zina mafungu mawili. Kujenga huhesabiwa katika fedha za maendeleo, na mara nyingi hupata mfadhili, jiwe la msingi na sherehe. Kutunza huhesabiwa katika matumizi ya kawaida, fungu ambalo katika miaka ya dhiki, hasa ya 1970 na 1980, lilikuwa jepesi kupunguzwa. Hakuna aliyewahi kukata utepe kwa sababu mlizamu umezibuliwa. Matokeo yake ni hali inayojulikana katika ofisi nyingi za umma: ndoo chini ya dari, majalada yaliyolowa, wodi inayohamishiwa vitanda upande mmoja msimu wa mvua, na bati lililojengwa juu ya zege bapa kama lile lililojengwa juu ya chokaa karne moja kabla.

6.0 Utando wa Leo: Kuchagua na Kutunza

Soko la sasa lina chaguzi nyingi: shuka za lami iliyochanganywa na polima, ambazo huyeyushwa kwa moto wa gesi na kugandishwa, shuka za plastiki ya PVC, ambazo huunganishwa kwa hewa ya moto, na shuka za mpira wa sintetiki uitwao EPDM, ambazo hubandikwa kwa gundi. Kila moja huuzwa kwa ahadi ya miaka mingi. Historia iliyoelezwa hapo juu inatoa vigezo vinne vya kupimia ahadi hizo.

Kwanza, mteremko hutangulia utando. Desturi ya uhandisi ni kusanifu mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40, ili baada ya makosa ya ujenzi usipungue sentimita 1 kwa kila 80. Utando bora juu ya paa linalotuamisha maji ni fedha iliyotupwa. Mafundi wa milizamu walilijua hilo.

Pili, utando hushindwa zaidi pembeni kuliko katikati: pale unapopanda ukutani, unapozunguka bomba, unapoingia kwenye mlizamu. Unapaswa kupandishwa ukutani kwa angalau milimita 150 na kufunikwa kwa juu. Tangi, antena na paneli za umeme wa jua zinazofungwa baadaye kwa misumari ni chanzo cha uvujaji kisichohusiana na ubora wa shuka.

Tatu, utando mpya lazima upatane na kilicho chini yake. PVC ikigusana na lami hupoteza vilainishi na kukakamaa, hivyo huhitaji kitambaa cha kuitenga. Moto wa gesi juu ya boriti kavu za miaka 100 ni hatari iliyo wazi kwa majengo ya kale. Na kabla ya kuongeza tabaka juu ya tabaka, uzito uhesabiwe.

Nne, ichaguliwe zana ambayo fundi wa mji huohuo anaweza kuiziba. Shuka ambayo kiraka chake hupatikana kwa kuagizwa ng'ambo itazibwa kwa saruji au kwa turubai, na hapo historia itajirudia.

Matunzo yenyewe si mazito. Paa likaguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Majani na taka ziondolewe kwenye milizamu. Viungio na kingo ziguswe kwa mkono, si kutazamwa kwa mbali. Malengelenge na nyufa viwekewe alama na kuzibwa. Yote hayo yaandikwe katika daftari la paa linalobaki na jengo hata watumishi wanapohama, pamoja na jina la anayewajibika. Wakfu ulikuwa na msimamizi na Kasubi ina ukoo. Jengo la serikali linahitaji angalau jina moja kwenye daftari.

7.0 Hitimisho

Historia ya mapaa ya majengo ya umma Afrika Mashariki si safari kutoka zana duni hadi zana bora. Chokaa, nyasi, bati, zege na lami, kila moja ilifanya kazi pale ilipokuwa na mtunzaji, na kila moja ilishindwa pale ilipomkosa. Zana zilizokiri udhaifu wao zilijengewa taasisi za matunzo. Zile zilizojitangaza kuwa za kudumu ziliziondoa taasisi hizo kabla ya kujengwa nyingine.

Lugha imeshuhudia mabadiliko hayo. Sakafu imeshuka kutoka juu ya nyumba hadi chini ya miguu. Kupigilia kumebaki katika vitabu vya kale, na mlizamu haufahamiki tena kwa vijana wengi wa mijini. Wanaisimu wanaounda istilahi za ujenzi wana kazi zaidi ya kutafuta majina ya shuka mpya. Wanapaswa kuyarudisha mezani maneno ya kazi za matunzo, kwa kuwa kazi isiyo na jina huwa vigumu kuiagiza, kuilipia na kumdai mtu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ukutani, hata hivyo, huonwa na kila apitaye. Ufa wa paa huonwa na yule tu aliyepewa kazi ya kupanda.